Kikohozi Ndani ya Tiyo

Alhamisi asubuhi nilifika kwa Tata Alfani na mkoba wangu wa vyombo begani. Mtu wa kwanza kunisalimia alikuwa mama yake, Nkambo Nuru, aliyekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya pisini, bwawa la kuogelea la nyumba ile, mtandio mweupe kichwani, macho yake ndani ya maji ya kijani. Huku kwetu kila mwenye mvi ni nkambo, awe amekuzaa au hajakuzaa. Hakuniuliza nimeamkaje. Alinishika kidole, akanivuta mpaka sikio langu likawa karibu na magoti yake.

“Sikia,” akasema. “Beko mu kazi tena.”

“Banani, Nkambo?”

“Bale ba chini.”

Nilisikiliza. Nilisikia njiwa juu ya bati na malori ya madini yakiguna barabarani. Nikamwambia sisikii kitu. Aliachia kidole changu bila hasira, kwa sababu kila mtu wa nyumba ile alikuwa amekwisha kumjibu hivyo hivyo.

Miezi saba ilikuwa imepita tangu damu ya kichwa imwangushe jikoni. Mguu wa kushoto ulilala, na wa kulia ukasahau kazi kwa kumhurumia mwenzake. Hospitali walimpa kine, yaani mtu wa kufundisha viungo kutembea upya, naye akampeleka mara mbili kwenye pisini ya hoteli moja. Ndani ya maji yanayofika kifuani, Nkambo Nuru alisimama. Peke yake, bila mkono wa mtu, akahesabu hadi ishirini. Halafu hoteli ikafunga pisini yake kwa matengenezo, na mpaka leo haijafunguliwa. Tangu hapo alikuwa na neno moja tu: kusimama. Mdogo wake alikuwa anamngoja Kindu, mji waliozaliwa, na Nkambo aliapa kwamba hatashuka kule mikononi mwa mtu. Atashuka kwa miguu yake, ao hataenda.

Na pisini ilikuwa pale pale nyumbani kwa mwanawe, nyuma ya nyumba ya zamani iliyojengwa kwa ajili ya wahandisi. Lakini maji yalikuwa kijani na vyura ndani, na pompe, mashine ya kuyavuta na kuyasafisha, haikushika maji. Pompe ya aina ile lazima kwanza ijae maji tumboni, ndipo ivute mengine. Ikipata hewa inazunguka bure, inapiga kelele, inachemka. Mafundi wawili walikuwa wamekuja na kushindwa. Tata Alfani ana malori yanayokwenda Dilolo na Fungurume, si mtu wa kungoja, na alikuwa amechoka na mbu.

“Mama Mianda,” aliniambia huku akipanda gari, “muko na leo na kesho asubuhi. Kesho nikitoka ku musikiti, malori yangu mbili inakuya na udongo, tunajaza hii pisini. Mama atalia, lakini atalia mara moja.”

Sikupenda neno lile. Nilimwambia malori yake yaje au yasije, pompe haiogopi lori. Alicheka, akaenda zake. Mi ni mtu wa mdomo, nakubali, na nimefukuzwa kazi mara nyingi kwa ajili yake.

Jina langu Mianda, lakini Kolwezi watu wananiita Mama Pompe. Miaka minane nilikuwa naosha madini na wanawake wenzangu kwenye bwawa. Shimoni hatukuruhusiwa kukaribia. Wachimbaji wanasema mwanamke akifika mdomoni mwa shimo, madini yanakimbia. Basi tukabaki kwenye maji, na kwenye maji kulikuwa na pompe, na kila ilipokufa mwenye pompe alitulaumu sisi. Siku moja nilichoka kulaumiwa, nikaifungua. Tangu siku ile sijaacha kuzifungua.

Nilianza na kifuniko cha kioo kilicho juu ya kikapu cha kuchuja. Mpira wake ulikuwa mzima. Nikaupaka mafuta hata hivyo. Nikakaza kila muungano, nikaulowesha kwa sabuni kutafuta povu mahali hewa inapoingilia. Hakuna. Motori ilizunguka vizuri, bila kukwama. Tiyo ya kuvuta, yaani bomba la kuleta maji, ilitoka kwenye pompe, ikaingia ardhini, na kutokea tena ukutani mwa pisini, hatua kumi na tano mbele. Kati ya hapo na hapo mtu haoni kitu. Juu yake kulikuwa na annexe, chumba cha Mechack, mlinzi wa lango, kilichogusana ukuta kwa ukuta na kibanda cha pompe.

Mechack ni mtu mzima mwenye mabega mapana na sauti ndogo. Kila asubuhi alimbeba Nkambo kutoka kitandani mpaka kwenye kile kiti, akamfunika miguu, akamwekea redio. Alinishikia vyombo, akaniletea chai. Kitu kimoja tu kilinishangaza: matuta yake ya maua. Alikuwa ameyapanga kando ya ukuta wote, marefu, mapya, yamefika magotini, na hakuna hata ua moja.

“Tata Mechack, unapanda nini humu, batu bamekufa?”

“Maua, Mama. Itaota tu.”

“Na udongo yake ni nyeusi hivi?”

“Ni mbolea,” akasema, akaangalia pembeni.

Saa saba umeme ukakatika. Bwawa la umeme la Nzilo haliko mbali, mto unazungusha mashine mchana na usiku, lakini umeme mwingi unatupita juu ya vichwa na kwenda migodini. Bila umeme sikuwa na la kufanya. Nikakaa chini kando ya kiti cha Nkambo, mgongo wangu kwenye ukuta wa moto, na nusu yangu ikasinzia. Maji ya kijani hayakusogea. Mdudu mwenye miguu mirefu alitembea juu yake bila kuzama, akafika katikati, akasimama.

Nkambo akaanza kusema, polepole, upande mmoja wa mdomo wake ukichelewa.

“Kila nikilala kidogo, naona hii mayi inashuka. Inashuka, inaingia chini ya nyumba, inatafuta Lualaba. Unajua Lualaba inapita huku mbele ya kufika kwetu? Mayi ile nilikuwa naoga ku Kindu, ilipitia huku kwenu. Mi na ndugu yangu tulikuwa tunasimama mu mto mpaka hapa ku kifua, tunashikana mikono, tunangojea mayi itusukume. Haikutuangusha hata siku moja. Sasa naona inashuka chini, na kuko batu banagonga. Banagonga sababu bamefungiwa. Naamka, na bado nasikia banagonga.”

“Ni ndoto, Nkambo.”

“Alfani anasema vile pia. Anasema ni ugonjwa ya kichwa.” Alinigeukia. “Mwanangu, ukishindwa kesho, mi nimekwisha. Si kufwa. Kufwa ni kazi ya Mungu. Lakini sitasimama tena.”

Aliyasema bila kuninyooshea kidole. Nilitamani angenifokea. Sikumwahidi kitu. Jioni nilirudi nyumbani na kichwa kilichojaa tiyo, na nilimgombeza kila aliyenisalimia njiani.

Ijumaa nilifika mapema, na umeme ulikuwa umerudi. Niliwasha pompe. Ikalia bure, kama jana. Nikaizima, nikafungua kifuniko, nikachota ndoo ya maji pisini na kuimwaga ndani ya kikapu. Ndivyo tulivyofanya bwawani: unaijaza kwa mkono mpaka inakumbuka kazi yake. Ndoo ikaisha. Maji hayakubaki. Nikamwaga ya pili, na ya pili ikaenda pia, haraka, bila kububujika hata kidogo. Tiyo iliyopasuka inakunywa polepole. Hii ilikuwa inakunywa kama shimo. Nikachukua ya tatu, na kwa hasira niliimwaga yote mara moja.

Ndani ya tiyo mtu akakohoa.

Nilibaki na ndoo mkononi. Kikohozi kilikuja tena, cha mwanamume, kirefu, kikiwa mbali na karibu kwa wakati mmoja. Halafu nikasikia kile alichokuwa anasikia Nkambo: chuma kwenye jiwe, mara tatu, halafu kimya. Niligeuka. Alikuwa ananiangalia kutoka kwenye kiti chake ng'ambo ya maji. Aliinua tu mkono wake mzima na kuushusha.

Mlangoni mwa annexe Mechack alikuwa amesimama, mikono kwenye pande zote mbili za fremu.

“Mama, usiingie. Tafazali. Banamuke habakaribie, unajua.”

“Madini itakimbia?”

“Unajua vile iko.”

“Basi ikimbie. Toka mu njia, Mechack.”

Hakutoka, nikapita chini ya mkono wake. Kulikuwa na kitanda, shati kwenye msumari, na mkeka mkubwa sakafuni. Niliuvuta. Chini yake mbao, na chini ya mbao shimo la mraba, limechimbwa vizuri, na sehemu za kukanyagia pande mbili. Urefu wa mkono mmoja kutoka juu, tiyo yangu ilikuwa inakatiza shimo lile. Ama ilikuwa inakatiza zamani. Mechack aliikata kwa msumeno. Upande wa pisini aliuziba kwa kipande cha mfuko na udongo wa mfinyanzi, kazi safi ya mchimbaji, haikuvuja tone. Upande wa pompe aliuunga na mpira mrefu wa plastiki ulioshuka mpaka gizani.

Kumbe siku zote zile pompe ilikuwa imefungwa kwenye shimo, si kwenye maji.

“Ni juu ya pumzi,” alisema Mechack nyuma yangu. “Chini pumzi ni mubaya. Bafundi bakikuya kujaribu pompe, tunasema, vizuri, inavuta ile hewa mubaya, inaitoa inje.”

“Pompe ya maji haivuti hewa, Mechack. Inazunguka tu. Mulikuwa munapumua kelele.”

Nilimtukana. Maneno yenyewe nayaacha, kwa sababu mengine yalimgusa mama yake ambaye hakukosa kitu. Alinieleza huku analia kwamba kule mtaani Kasulo watu walichimba chini ya vitanda vyao wenyewe, wakajenga, wakasomesha. Yeye hakuwa na nyumba. Ndiyo maana alichimba chini ya nyumba ya mwingine. Shemeji yake Mulumba alikuwa chini tangu alfajiri.

“Mwite,” nikasema. “Saa saba na nusu malori mbili ya udongo inaingia hapa, inapita juu ya kichwa yake.”

Mulumba alipanda polepole, nywele zimelowa maji yangu, macho mekundu. Alikaa sakafuni na kushika kichwa. Nilimwuliza shimo linaelekea wapi. Aliniambia linashuka, halafu linapita chini ya upande wa kina wa pisini, na kutoka hapo linaendelea mpaka karibu na ukuta wa jirani. Upande wa maji mafupi, wenye ngazi, hawakuugusa, kwa sababu kule ni jiwe tupu.

Nikamwuliza kama waliwahi kufikiri juu ya uzito wa maji yale. Walitazamana, na nikajua hawakufikiri. Pisini nzima ingeweza kuporomokea shimoni mwao.

Basi kazi ikageuka. Nilikuja kuifanya pompe isafishe maji, na sasa ilibidi iyatoe yote, kabla ardhi haijaamua yenyewe. Nilimtuma Mulumba akasimame barabarani, lori lolote lisiingie. Nikafungua tiyo iliyokatwa, nikafunga kwenye mdomo wa pompe tiyo yangu mwenyewe, ile nene ya bwawani, na mwisho wake nikautupa upande wa kina. Nikajaza kikapu. Safari hii maji yalikaa. Nikawasha.

Kwanza ikalia kama zamani. Halafu nyuma ya kioo mapovu yakaanza kukimbia, makubwa, madogo, membamba, na ghafla kioo kikawa kijani kitupu na sauti ikashuka chini, nzito, ya kushiba. Sijui kitu kizuri kuliko sauti ile. Nimeisikia mara elfu.

“Imeshika,” alisema Nkambo Nuru kutoka kwenye kiti.

Nilimwendea, nikachuchumaa mbele yake. Nilimweleza kila kitu, shimo, Mechack, Mulumba, bila kumficha. Nikamwambia alisikia sawasawa tangu mwanzo. Alifunga macho kidogo.

“Na mayi?”

“Naitoa yote, Nkambo. Lazima.”

Aliangalia mfereji wa bustani, mahali maji yalipokuwa yanatoka na kukimbia kuelekea bondeni. Kutoka pale yanaingia mto Musonoi, na Musonoi unaingia Lualaba. Alijua hilo kuliko mimi.

“Itafika ku Kindu mbele yangu,” akasema. Alinishika kidole tena. “Basi nitie ndani mbele ya mayi kuisha.”

“Ni muchafu, Nkambo. Kuko vyura.”

“Mi nilikulia mu Lualaba. Ulizani tulikuwa tunachuja mayi ya mto na kitambaa? Ni Alfani njo anaogopa vyura. Nitie.”

Niliitazama ile pisini, nikapima na macho upande wa ngazi, kwenye jiwe tupu, mbali na shimo. Nikamwita Mechack. Alimbeba kama kila asubuhi, akashuka naye ngazi tatu, nguo na viatu mwilini. Mi niliingia na kiti cha plastiki, nikakikandamiza chini ya maji kwa kukikalia kwanza mwenyewe, halafu tukamkalisha yeye. Maji yalimfika kidevuni. Vazi lake likafunguka pande zote na kuelea.

“Acheni,” akasema.

Tukaacha. Alishika mikono ya kiti, akainama mbele, na akainuka. Maji yalimbeba. Alisimama huku ameyafumba macho, kijani mpaka kifuani, na akahesabu kwa sauti. Alipofika ishirini hakuacha, akaenda mpaka arobaini, ndipo akakaa. Mechack alikuwa analia tena, na safari hii sikumgombeza.

Sikuhesabu saa. Pompe iliimba kwa sauti yake nzito, jua likawa juu, vyura walirukia ngazi mmoja mmoja na kwenda zao. Kila kigae kimoja kilipotokea ukutani, chenye utelezi, chenye mstari wa majani, Nkambo alisimama tena, na kila mara maji yalimbeba pungufu kidogo. Kifuani. Tumboni. Alipochoka alikaa na kupumzika, akatuambia habari za mdogo wake, jinsi alivyoogopa samaki. Halafu aliinuka. Maji yalikuwa yanamrudishia uzito wake kidogo kidogo, bila haraka, naye alikuwa anaupokea. Yalipofika mapajani miguu yake ilianza kutetemeka, na mi nikanyoosha mikono.

“Bado,” akasema.

Yalipofika magotini alianguka mara moja, akakaa kwa kishindo. Nikafikiri basi. Alivuta pumzi nyingi. Akaniomba bega langu, bega moja tu, akainuka.

Tulikuwa hivyo Tata Alfani alipoingia, kanzu nyeupe, kofia kichwani, amekasirika kwa ajili ya malori yaliyozuiwa barabarani. Aliona kwanza kiti cha mama yake hakipo. Halafu alifika ukingoni. Mama yake alikuwa chini kwenye vigae vitupu vya pisini, maji kwenye vifundo vya miguu, nguo imemganda mwilini, amesimama. Mkono wake hata haukuwa tena begani mwangu. Sikujua aliutoa lini.

“Zima mashine,” Nkambo aliniambia.

Nikamwashiria Mechack, akazima. Kimya kikashuka juu ya bustani. Nkambo aliinamisha kichwa upande wa sikio lake zima, akasikiliza kwa muda mrefu.

“Bametoka bote,” akasema.

“Banani, Mama?” aliuliza Tata Alfani, kwa ile sauti ya kumbembeleza mgonjwa.

Mechack ndiye aliyemjibu. Alitoka kwenye kibanda, akapiga magoti juu ya matuta yake yasiyo na maua, akasema yote, na hakupunguza kitu. Niliona uso wa Tata Alfani ukibadilika. Alimwangalia mlinzi wake, halafu ule udongo mweusi uliotoka shimoni, halafu mama yake, na nadhani alikuwa anakumbuka asubuhi zote alizomwambia kwamba ni ugonjwa wa kichwa.

“Udongo yako iko mu barabara,” Nkambo alimwambia. “Itiwe mu ile shimo. Mechack ataijaza na mikono yake, kisha utamusemesha. Mbele ya pale, hapana.”

Tata Alfani hakubisha. Alivua viatu, akashuka ngazi na kanzu yake, akakanyaga matope ya kijani na kumwendea. Alinyoosha mikono yote miwili kumbeba, mmoja nyuma ya mgongo, mmoja chini ya magoti, kama walivyombeba kwa miezi saba.

Mama yake alimzuia. Alizitazama zile ngazi tatu, akamtazama yeye, akampa mkono mmoja tu.